Dawa ya Jino Bovu ni Kung'oa. Na Jino Zima, Je?

Somo la afya kwa vikundi



Katika vikundi vyetu tumekwisha kuzungumza juu ya maji safi, vyoo, chanjo na lishe ya watoto. Safari hii tunaingia kinywani. Kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, tena kwa sauti ya chini mkutano ukishaisha: "Niling'olewa jino, kidonda kikapona, lakini mpaka leo mdomo wangu hauko sawa. Nimeenda hospitali wakasema hawaoni kitu. Sasa mimi nina nini?"

Mkisoma somo hili pamoja mtaweza:

1. Kujua mambo ya kawaida baada ya jino kung'olewa au kuzibwa.
2. Kutambua ishara za hatari zinazotaka mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.
3. Kuelewa jinsi uchungu unavyoweza kubaki hata kama hakuna kidonda kinachoonekana.
4. Kumsaidia mwenzenu mwenye hofu, bila kumcheka na bila kumwongezea hofu.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza mboga sokoni, ameturuhusu tueleze habari yake bila kutaja jina. Aling'olewa gego la chini, upande wa kulia. Jino lilikuwa limeoza kweli, na kazi ilifanywa vizuri. Baada ya wiki mbili ufizi ulikuwa umefunga. Lakini yeye alisikia kitu kama kuwaka, kama mtu aliyetafuna pilipili, kuanzia kwenye pengo mpaka meno ya jirani. Siku nyingine ni kidogo, siku nyingine hawezi kukaa kibandani.

Akarudi, akaambiwa pengo limepona. Akaenda mahali pengine, akamwambia mhudumu, "Ni hili la jirani linaniuma, ling'oe tu." Likang'olewa. Akapata nafuu siku chache, kisha uchungu ukarudi na kukaa kwenye jino linalofuata. Nalo akaling'oa, mahali pa tatu. Sasa ni meno matatu yametoka, mbuzi wawili wameuzwa kwa nauli na dawa, na uchungu ni ule ule.

Usiku alikuwa akiamka, anachukua tochi na kioo, anajiangalia mdomoni. Siku moja akaona vipele vikubwa nyuma kabisa ya ulimi, vimejipanga kwa mstari. Akakumbuka jirani yake aliyekufa kwa kansa ya koo. Tangu usiku huo hakulala vizuri. Akaacha ugali, akawa ni mtu wa uji. Mwili ukapungua, na huko kupungua nako akakuhesabu kuwa ni dalili nyingine ya kansa.

Na sisi je? Lazima tukiri. Sisi wenzake tulichoka na habari ya jino. Katika mkutano mmoja tukamwambia, "Mama, hayo ni mawazo tu. Wacha kufikiria na utapona." Alinyamaza. Miezi miwili hakuonekana mkutanoni. Tunaandika somo hili kwa sababu ya kosa hilo pia.

SIKU ZA KWANZA: MAMBO YA KAWAIDA

Hebu kwanza tujue kilicho cha kawaida, maana hofu nyingi huanzia hapo. Jino limeshikwa ndani ya mfupa. Likitoka, linaacha shimo. Damu hujaa katika shimo hilo na kuganda, na lile donge ndilo kifuniko cha kidonda. Kazi yako ni kulilinda.

Ganzi: Sindano ya ganzi hukaa saa 2 mpaka 5 hivi. Usitafune chakula wala kunywa chai ya moto wakati huo, maana unaweza kujiuma au kujiunguza bila kusikia. Watoto waangaliwe sana.

Damu: Uma kitambaa safi juu ya kidonda kwa nguvu dakika 20 mpaka 30, bila kufungua ili kuchungulia. Mate yenye wekundu siku ya kwanza si ajabu.

Saa 24 za kwanza: Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usifyonze kwa mrija, usivute sigara. Baada ya hapo sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula.

Siku ya 2 na ya 3: Uvimbe na ugumu wa taya huwa kwenye kilele. Kuanzia hapo mambo yanatakiwa yaende yakipungua.

Wiki 1 mpaka 2: Ufizi unajifunga juu. Mfupa wa ndani huchukua miezi kujaza lile shimo. Kwa hiyo ukipapasa kwa ulimi ukakuta kishimo au ncha ngumu kidogo, usishtuke. Ikikuchoma, rudi ionekane.

Jino lililozibwa nalo lina tabia zake. Kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa, hata wiki chache, ni kawaida mradi kunapungua. Lakini ukiuma meno na kuona jino lililozibwa linagusa kabla ya mengine, usivumilie. Rudi uambie, "Limekuwa refu." Kulipunguza ni kazi ya dakika chache, na usipolipunguza jino zima litauma kila unapotafuna.

Kwa uchungu, mtu mzima aliye na afya anaweza kumeza paracetamol tembe 2 za miligramu 500, akiacha saa 4 mpaka 6 katikati, na zisipite tembe 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Usiweke tembe ya aspirini juu ya ufizi. Inaunguza nyama na kuleta kidonda kipya. Wala usinunue kapsuli mbili tatu za antibiotiki dukani kwa sababu jirani alizitumia. Haziponyi uchungu wa jino, na ukizitumia ovyo vijidudu vinazizoea.

ISHARA ZA KURUDI UPESI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

1. Uvimbe unaosambaa kwenda chini ya taya, shingoni au kwenye jicho.
2. Shida ya kumeza au kupumua, au mdomo kushindwa kufunguka.
3. Homa na mwili kutetemeka.
4. Damu isiyokoma hata baada ya kuuma kitambaa mara mbili kwa muda tulioutaja.
5. Uchungu wa taya unaokuja pamoja na kubanwa kifua au jasho jingi. Huo huenda si wa jino, ni wa moyo.

Rudi kwa aliyekutibu siku hizi mbili tatu ukiona:

6. Uchungu mkali unaoanza au kuzidi kati ya siku ya 1 na ya 5, unaopanda mpaka sikioni, pamoja na harufu mbaya. Mara nyingi ni lile donge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Huoshwa na kuwekwa dawa, na nafuu huja haraka.
7. Mdomo wa chini au ulimi uliobaki na ganzi zaidi ya siku moja.
8. Usaha, au ladha mbaya isiyoisha.

Na kwa kila mtu, awe ametibiwa jino au hapana: kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe au jekundu lisilotoka, au uvimbe mgumu, lazima vionwe na mtaalamu. Wavutaji na watafunaji wa tumbaku na wanywaji wa pombe kali wasingoje hata kidogo.

UCHUNGU USIO NA KIDONDA

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Tuseme siku zimepita, ishara za hatari hakuna, picha ya eksirei ni safi, na bado kinywa kinauma au kinawaka. Je, mtu huyu anajitungia? Hapana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwanza, kuna sababu zinazojificha, na inafaa zitafutwe:

Misuli ya taya. Ukikaa umefungua mdomo saa nzima, au ukisaga meno usingizini, misuli na kiungo cha taya huchoka na kuuma, na uchungu husikika kama ni wa jino.

Pua. Mizizi ya magego ya juu iko karibu na vyumba vya hewa vilivyo pembeni mwa pua. Mafua yakikaa humo, meno ya juu huuma yenyewe mazima.

Kinywa kikavu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za mzio na za huzuni hupunguza mate. Kinywa bila mate huwaka.

Damu na sukari. Upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B12 huweza kuleta ulimi unaowaka. Kisukari nacho. Utando mweupe wa ukungu pia. Haya yote yana vipimo.

Mshipa wa fahamu wa usoni. Kuna ugonjwa unaopiga kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, ukigusa shavu, ukipiga mswaki au upepo ukikupuliza. Wagonjwa wengi wa namna hii wameng'olewa meno mazima kabla ya ugonjwa kujulikana. Una dawa yake, na dawa hiyo si koleo.

Wanawake waliokoma hedhi wana kuwaka kwa ulimi kusikojulikana chanzo kuliko watu wengine. Akina mama wengi hukaa nako kimya wakidhani ni wao peke yao.

Pili, yakishatafutwa haya yote na kukosekana, bado kuna jambo moja. Fikirini mbwa wa boma. Mwizi akija, mbwa anabweka, nayo ni kazi yake. Lakini kuna mbwa ambaye mwizi amekwisha kwenda, mlango umefungwa, na yeye bado anabweka mpaka asubuhi. Kila jani likianguka anabweka. Mishipa ya fahamu ya kinywa inaweza kuwa hivyo. Jino liliumwa muda mrefu, likang'olewa, mshipa ukaguswa, na baada ya kidonda kupona mshipa unaendelea kupeleka habari ya uchungu kwenye ubongo. Kelele ni ya kweli. Mwizi ndiye hayuko.

Hapo ndipo msemo wetu wa kale unapotupoteza. Dawa ya jino bovu ni kung'oa, ndiyo. Lakini msemo unasema jino bovu. Ukimng'olea mbwa huyu mlango, hatanyamaza. Umempa sababu nyingine ya kubweka. Kila jino zima linalotolewa ni jeraha jipya kwa mshipa ambao tayari umekasirika.

HOFU NA KIOO

Hofu nayo inaingia mwilini. Mtu mwenye wasiwasi hukaza meno bila kujua, mate hukauka, usingizi hupotea, na misuli huuma. Halafu anaangalia. Ukiangalia kinywa mara kumi kwa siku utaona vitu ambavyo hukuwahi kuviona, na utafikiri vimeanza jana. Vile vipele vikubwa vya nyuma ya ulimi vilivyojipanga kama herufi V, kila mtu anavyo. Mwambieni mwenzenu awaonyeshe ulimi wake hapo hapo mkutanoni. Kuna wenye uvimbe mgumu wa mfupa katikati ya kaakaa tangu ujana. Kuna wenye vidoa vidogo vya manjano ndani ya mashavu. Kuna mstari mweupe shavuni pale meno yanapokutana. Vyote hivyo si ugonjwa. Lakini ukivipapasa na kuvikwaruza kila saa, vitauma kweli.

Halafu unaenda kwa daktari, anakwambia uko sawa. Unapata amani siku tatu. Siku ya nne: "Na kama hakuona vizuri?" Unaenda kwa mwingine. Amani sasa ni ya siku mbili. Kadiri unavyouliza zaidi, ndivyo amani inavyozidi kuwa fupi.

Hofu nyingine inayosemwa kwa kunong'ona ni ya ukimwi kutokana na vyombo vya meno. Vyombo vilivyopikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, haviachi kirusi hai. Ni haki yako kuuliza kabla ya kukaa kitini, "Vyombo hivi vimechemshwa wapi?" na kutaka sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako. Kama una sababu ya kweli ya kuamini vyombo vilikuwa vichafu, nenda kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, maana kuna dawa za kuzuia. Na ukipimwa miezi 3 baada ya tukio, ukaambiwa huna, swali hilo limefungwa. Kupima tena na tena ni kioo kingine.

MWENZETU ALIPOFIKIA

Binti yake ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno wa hospitali kubwa. Daktari hakuanza na koleo. Alimwambia, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Mama akaweka kiganja kizima shavuni. Akasema, "Sawa, hiyo nayo ni habari." Akampiga sindano ya ganzi pale anapolalamikia. Mdomo ukafa ganzi, lakini ule moto ukabaki. Daktari akamweleza kwamba uchungu wa jino bovu kwa kawaida hunyamaza ganzi ikiingia. Huu wake haukunyamaza, kwa hiyo kung'oa jino la nne hakutasaidia. Damu ikapimwa, sukari ikapimwa, eksirei ikapigwa. Ulimi akauangalia wote, akamshikisha kioo na kumweleza kila kitu anachokiona.

Akamwandikia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Hapa mwenzetu alikaribia kuitupa, maana mtu alimsomea karatasi ya dawa akasema ati ni ya watu wenye huzuni. "Kwa hiyo hata yeye anafikiri nina wazimu!" Binti akarudi kuuliza. Kumbe dawa hiyo kwa dozi kubwa hutumika kwa huzuni, na kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, nayo hukausha mdomo na kuleta usingizi.

Leo hatuwezi kusema uchungu umekwisha wote. Bado unamtembelea, hasa akichoka. Lakini anakula ugali, analala, na kibanda chake kiko wazi. Aliporudi mkutanoni tulimwomba msamaha. Alijibu, "Mngeniuliza tu kunauma vipi, ingetosha."

LA KUFANYA

1. Andika. Siku wiki mbili, andika uchungu ulianza lini, uko wapi, unaongezwa na nini, unapunguzwa na nini, na dawa zote unazomeza. Mpelekee daktari karatasi hiyo.
2. Chagua mahali pamoja. Mtibiwe na mtu mmoja anayejua habari yote, mwenye leseni, na umpe tarehe ya kurudi hata kama hakuna jipya. Kuhama kila wiki ni kuanza upya kila wiki.
3. Kabla jino lolote halijatoka, uliza: "Ni nini kinachoonyesha kwamba ni jino hili?" Kama hakuna shimo, usaha, ufa wala picha inayoonyesha ubovu, subiri na utafute maoni ya pili.
4. Weka kioo mbali. Angalia kinywa mara moja kwa wiki, mchana, dakika moja. Ukiona jambo jipya, lipe wiki mbili, isipokuwa ishara za hatari.
5. Legeza taya. Midomo igusane, meno yasigusane. Jikumbushe kila unapochota maji au kupanda matatu.
6. Endelea kupiga mswaki, hata upande unaouma. Meno yaliyobaki yanakuhitaji.
7. Ikiwa hofu inakunyima usingizi, chakula au kazi, mwambie daktari waziwazi. Hofu ina matibabu, na kuomba matibabu hayo si kukubali kwamba uchungu ni wa uongo.

KAZI YA KIKUNDI

Msiseme "ni mawazo tu." Wala msiseme "shangazi yangu alianza hivyo hivyo akafa." Yote mawili yanaumiza. Ulizeni kunauma vipi, sikilizeni mpaka mwisho, kisha ulizeni kama ametibiwa mahali pamoja. Mmoja wenu amsindikize, maana masikio mawili yenye hofu husahau nusu ya maneno ya daktari. Na akipata nafuu, msimngoje apone kabisa ndipo mmpe kazi ya kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani amewahi kung'olewa jino ambalo baadaye aliona halikuwa na ubovu? Lilimsaidia?
2. Ni ishara gani kati ya zile nane ambayo hatukuijua?
3. Msemo "dawa ya jino bovu ni kung'oa" unafaa lini, na haufai lini?
4. Tofauti ya kumfariji mtu na kumnyamazisha ni nini? Kila mmoja atoe mfano.
5. Ni nani karibu nasi ambaye tumeacha kumuuliza habari ya ugonjwa wake kwa sababu tumechoka kuusikia? Nani atamtembelea wiki hii?

Swali la 5 lisijibiwe kwa maneno. Tunawaomba mlete jibu lake mkutano ujao.